Mbaraka Alitujuaje?

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Nairobi, katika ukumbi wa Kaloleni, tulipokutana kumkumbuka marehemu Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, Tanzania. Wengi hamkuweza kufika, na simu zimekuwa hazikatiki mkiuliza nilisema nini. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule karibu na mlango, hamjambo?

Karibuni mketi, viti vipo. Vijana, sogeeni mbele. Leo ninazungumza na nyinyi kuliko hawa wenye mvi, maana hawa wenye mvi wanajua nitakayoyasema, na wengine wanayajua kunizidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule, nguo za harusi na mapazia ya watu kwa miaka zaidi ya arobaini. Gitaa sikuwahi kulishika. Nikiitwa kusimama hapa nizungumze habari za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, nasimama kama msikilizaji wake tu. Lakini nimemsikiliza sana, jamani. Nimemsikiliza tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani hadi leo nina wajukuu. Na katika miaka hiyo yote swali langu limekuwa moja. Nataka nilitoe mbele yenu tusaidiane: huyu mtu alitujuaje?

Alitujuaje, mtu wa Morogoro, sisi wa Makongeni ya hapa Nairobi?

Nilimsikia Mbaraka kwa mara ya kwanza kupitia ukuta. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa karakana ya Reli, na tulikaa katika vile vyumba vya Reli vya Makongeni. Wenzangu mliokulia kule mnakumbuka: chumba kimoja, pazia katikati, bomba la maji la wote pale nje, na ukuta ambao mwenzako akikohoa wewe unasema pole. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi bwana mmoja wa Kiluguru. Wakati ule Reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania walifanya kazi pamoja. Sisi watoto tulimwita Mjomba. Hakuwa na undugu wowote na mama yangu, lakini alikuwa mjomba wetu kweli kweli: alitununulia mandazi, alitukanya tukikosea, na siku ya kufunga shule ndiye aliyetaka kuona ripoti kabla hata ya Baba.

Mjomba alikuwa na gramafoni ya sanduku na santuri zake ndani ya kasha la mbao. Jumamosi mshahara ukishatoka, anaoga, anavaa shati jeupe, anafungua kasha. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa. Anaitoa santuri kwenye karatasi yake akiishika kwa kingo, anaipuliza, anaiweka, kisha anaishusha sindano polepole kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Na hapo ukuta wetu ulianza kuimba.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kilichonishika mwanzoni ni kwamba nilielewa. Kila neno nilielewa! Tulizizoea nyimbo za Kikongo, tulizipenda, tulizicheza, lakini maneno tuliyaokoteza tu. Huyu alikuwa anaongea nasi. Sauti yake haikuwa ya mtu anayepiga kelele jukwaani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeketi na wewe kibarazani, amekuja na jambo linamsumbua, na anataka kwanza akusalimu vizuri kabla hajalisema.

Nikamuuliza Mjomba, huyu ni nani? Akasema, "Huyu ni mtoto wetu wa Morogoro."

Vijana, hebu niwaeleze Morogoro kidogo. Ni mji ulio chini ya milima ya Uluguru, kwenye reli ya kati inayotoka Dar es Salaam kwenda bara, na mashamba ya mkonge yaliuzunguka. Mji wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini mji ule ulikuwa na bendi mbili ambazo zingetosha kuilisha nchi nzima: Cuban Marimba ya Salum Abdullah, na Morogoro Jazz. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Na tarehe 27 Juni mwaka huo huo wa 1944 ndipo alipozaliwa Mbaraka. Kijana akaacha shule kwa ajili ya muziki, na katikati ya miaka ya sitini akaingia Morogoro Jazz. Salum Abdullah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965. Fikirini mji mdogo umempoteza mtu kama yule, na bendi iliyokuwa mshindani wake ndiyo kwanza imepata kijana ambaye baadaye watu watamwita Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa.

Mjomba alikuwa mtu wa Morogoro Jazz, mfuasi wa mtindo wao wa Sululu. Alituambia kwamba kwao mtu aliweza kununa na shemeji yake kwa sababu ya bendi hizo mbili. Mimi naamini.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza ninalotaka kulisema. Mbaraka alikuwa mtunzi. Watu wakimsifu husifu vidole, na vidole nitavifikia. Lakini kabla ya vidole palikuwa na mtu anayetazama watu wanavyoishi. Alichukua methali ambayo kila bibi anaijua, ile ya jogoo la shamba, akaitungia wimbo. Aliimba habari za pesa, na jina la wimbo likawa Pesa No. 1. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Osaka. Waliporudi, Mbaraka akatutungia Expo 70 kutusimulia safari. Hebu niambieni, ni wangapi kati yetu mtu wa kwetu akisafiri ng'ambo hurudi akatukalisha chini akatueleza? Wengi hurudi na masanduku na lafudhi mpya. Mbaraka alirudi na habari, akatugawia.

Na zikiwa habari za msiba, alizileta pia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima, katika siku zile za vijiji vya Ujamaa. Mbaraka akaimba maombolezo. Sisi watoto wa Makongeni hatukujua Iringa iko wapi. Tuliujua msiba ule kwa sababu ya wimbo. Nakumbuka Mjomba ameisimamisha santuri katikati, akatueleza mkoa ni nini, mkuu wa mkoa ni nani, na kwa nini watu walikuwa wakigombana kuhusu mashamba. Kisha akairudisha sindano mwanzo tusikilize tena tukiwa tunaelewa. Nani kati yenu alijifunza jiografia kwa njia hiyo? Mimi nilijifunza.

Kisha kuna ule wimbo ambao jina lake ni neno moja: Shida.

Ngoja ninywe maji kidogo.

Sitawaimbia, msiwe na wasiwasi, wimbo tutausikia wenyewe baadaye. Nataka niwasimulie ulivyonikuta. Miaka ya tisini mwanzoni nilipata oda kubwa ya sare kutoka shule moja, jina lake nitalihifadhi. Nilikopa kitambaa kwa jora. Nilishona usiku na mchana, magauni na kaptula, hadi vidole vikaota sugu juu ya sugu. Nikapeleka mzigo, wakapokea, watoto wakavaa. Pesa zikawa njoo kesho. Njoo mwisho wa mwezi. Njoo muhula ujao. Mwenye kitambaa anadai, mwenye nyumba anadai, na mume wangu alikuwa amelazwa. Na mimi, kwa aibu, sikumwambia mtu. Asubuhi najipaka mafuta, najifunga leso vizuri, nawasalimia majirani kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mnaijua ile salamu ya mtu mwenye shida? Ile ya kucheka mno?

Usiku mmoja nimekaa kwenye cherehani, stima imekatwa, nashona kwa taa ya mafuta. Redio yangu ndogo ya betri iko dirishani, na wanapiga zilizopendwa. Ukaingia Shida.

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. Wimbo nilikuwa naujua tangu usichana wangu, nimeusikia labda mara mia mbili. Lakini usiku ule nililisikia lile neno. Neno nililokuwa nikilificha nyuma ya meno kwa miezi minne, mtu huyu analitamka wazi, redioni, nchi nzima inasikia, wala hana haya. Analitamka kwa sauti nzuri! Nikajiuliza, kama shida inaweza kuimbwa vizuri hivi, mimi naificha ya nini?

Asubuhi nilipokwenda bombani, jirani akaniuliza habari za nyumbani. Badala ya kusema njema, nikasema, "Mama, nina shida." Basi. Maneno matatu. Yule mama akaitua ndoo yake chini. Jioni wanawake wa chama chetu cha kuchangiana walikuwa chumbani kwangu, na kabla ya wiki kwisha mwenye kitambaa alikuwa ameshapata nusu ya pesa zake. Shule ile haijanilipa hadi leo, na sasa naona haitanilipa tena. Lakini ninachowauliza ni hiki: huyu mtu, aliyekuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka kumi wakati ule, alijuaje kwamba iko siku mwanamke mmoja wa Nairobi atakaa na neno kooni asiweze kulitoa? Alitujuaje?

Haya, sasa vidole. Maana nikiwaacha bila kusema habari za vidole mtanifukuza.

Pale soko la Burma alikuwako fundi mmoja wa redio. Mzee mpole, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpelekea redio yangu, na wakati wa kuijaribu ukawa unapigwa wimbo wa Mbaraka. Nikasema, "Ah, Mbaraka!" Mzee akanitazama juu ya miwani akaniuliza, "Unasikia magitaa mangapi hapo?" Nikasema moja. Akasikitika. Akasema, mama, kaa chini.

Akanifundisha kusikiliza. Akasema usisikilize wimbo wote mara moja, utakula kwa macho utaondoka na njaa. Sikiliza besi peke yake mpaka mwisho. Siku nyingine usikilize rizimu peke yake, lile gitaa linalochapa bila kuchoka. Siku nyingine, tarumbeta na saksafoni zikiwepo. Mwisho kabisa ndipo umsikilize Mbaraka kwenye solo, lile gitaa linaloongoza. Ilinichukua karibu mwaka, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nangoja nyimbo zipigwe redioni. Nilikuwa najaza kadi za salamu naomba Mbaraka, nasalimia ukoo mzima, ili nipate dakika tatu za kusikiliza besi.

Na baada ya mwaka huo nikagundua kitu ambacho mimi fundi cherehani ningepaswa kukijua mapema. Mama zangu mnaoshona, mnaujua mshono unavyoundwa. Kuna uzi wa juu unaopita kwenye sindano, huo ndio watu wanauona. Na kuna uzi wa chini, unaotoka kwenye bobini, umejificha. Ukivuta uzi wa juu kupita kiasi, kitambaa kinajikunja. Ukiulegeza, mshono unafumuka mtoto akiinama tu. Nyuzi mbili lazima zikutane katikati ya kitambaa, pale ambapo jicho halifiki.

Basi sikilizeni gitaa la Mbaraka likiwa na sauti yake. Akiimba, gitaa halimkanyagi. Linangoja. Anamaliza mstari, na katika ule upenyo mdogo kabla ya mstari unaofuata, gitaa linamjibu, maneno machache tu, kama mtu anayesema "ehe," "kweli," "pole." Halafu wimbo unapofika kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza, sauti zimekwisha kusema yao, ndipo gitaa linapotoka mbele lenyewe na kusema yale ambayo maneno yameshindwa. Na hata hapo halina fujo. Anashika kijisentensi kimoja, anakirudia, anakigeuza kidogo mkiani, anakirudia tena, mpaka unajikuta unakitembea mguuni. Wapiga gitaa wa mbio ninawajua, na ninawaheshimu. Huyu alikuwa mpiga gitaa wa kusikiliza. Ameketi anamsikiliza mwimbaji, na mwimbaji ni yeye mwenyewe! Mtu anayejua kujisikiliza namna hiyo, utashangaa akitusikia na sisi?

Vijana, santuri zile ndogo zilikuwa na jambo moja ambalo nyinyi wa simu hamkulipata. Wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili, moja upande huu, ya pili upande ule. Kwa hiyo mnacheza, mnacheza, na pale pale moto unapoanza kukolea, kimya. Santuri imekwisha. Watu wazima wamesimama katikati ya chumba, mikono hewani, jasho linatoka, wanamngoja mtu mmoja aigeuze. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeondoka. Unakisikia kile kikwaruzo cha sindano, kwaa, kwaa, halafu gitaa linarudi, na wote mnaingia kwa mguu mmoja. Nawaonea huruma mliokosa kile kimya cha katikati.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano, na mtindo wa Masika. Zamani, na si Tanzania peke yake, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Ukiondoka unaondoka na kidomo chako tu, gitaa unaliacha. Kwa hiyo mtu kusimama na bendi yake mwenyewe akiwa hajafika miaka thelathini lilikuwa jambo kubwa. Na wakati ule Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi redioni Dar es Salaam, au zilisafiri kuja huku. Santuri zenyewe zilipigwa chapa hapa Nairobi. Mnaelewa maana yake? Wimbo unatungwa Morogoro, unakuja kupata mwili Nairobi, unarudi Morogoro ukiwa santuri. Mmoja wetu alikuwa fundi wa kiwandani aliyeishika ikiwa bado ya moto.

Halafu ukaja mwaka 1977. Wazee mnaukumbuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli ikagawanywa. Tanzania ikafunga mpaka. Na Mjomba wetu akaambiwa arudi kwao.

Niliona watu wazima wakilia mwaka ule, watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote baina yao. Mjomba alifunga virago siku mbili. Gramafoni aliiuza. Kasha la santuri akampa Baba. Akasema, "Nitunzie. Nitalifuata." Baba akasema, "Liko kwako." Wakashikana mikono pale bombani, mbele ya watu wote, hakuna aliyemkumbatia mwenzake, maana wanaume wa wakati ule hawakuwa wakifanya hivyo. Kisha Baba akaingia ndani akakaa nyuma ya pazia hadi usiku.

Barua zilikuja mbili, zikakoma. Ukuta ukanyamaza. Baba alikopa pesa akanunua gramafoni ya mtumba, na yeye ambaye hakuwahi kuwa mtu wa muziki akaanza kupiga santuri za Mjomba kila Jumamosi. Shati jeupe na yeye. Anaishika kwa kingo, anaipuliza. Niambieni, mpaka ulikuwa umefungwa wapi? Malori yalisimama, barua zilisimama, Reli ilisimama. Mbaraka hakusimama. Nyimbo mpya ziliendelea kutufikia, na yeye mwenyewe alikuja huku Kenya kutupigia.

Na huku ndiko alikofia.

Tarehe 12 Januari 1979, Mombasa, ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Nyinyi vijana kule mlangoni, wengine wenu mmeshampita umri. Taifa lilikuwa bado na kilio: miezi mitano tu kabla ya hapo Mzee Kenyatta alikuwa amefariki, Mombasa hiyo hiyo. Tanzania nayo ilikuwa vitani na Uganda ya Idi Amin. Katikati ya hayo yote mtu angedhani kifo cha mpiga gitaa mmoja hakitasikika. Kilisikika! Nilikuwa najifunza kazi kwa fundi mmoja mwanamke River Road. Habari ilipofika, cherehani zote chumbani, zilikuwa sita, zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mwalimu wangu alikuwa mtu mkali, hakupenda mazungumzo kazini. Aliweka mkasi chini akasema, "Leo tunafunga." Ilikuwa bado mchana.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa amekwisha kujua. Hakupiga santuri siku hiyo. Alilifungua kasha, akazihesabu, akalifunga. Nikamsikia anasema peke yake, "Nitamwambia nini Mjomba?" Kana kwamba mtu amefia mikononi mwake. Na kwa kweli alikuwa mgeni wetu, si ndiyo? Alifia kwetu.

Baadaye santuri za ukumbusho zilitolewa hapa Nairobi, mfululizo mzima wenye jina hilo hilo, Ukumbusho, na wengi wenu mlioanza kumpenda miaka ya themanini mlimpatia humo. Jana mjukuu wangu alinionyesha simu: nyimbo zote zile zimo, unabonyeza tu. Nilifurahi. Nilimwomba kitu kimoja, na nawaomba nyinyi pia. Mkipeana nyimbo hizi, andikeni jina lake lote. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Naona zinasambazwa zimeandikwa "zilizopendwa za zamani", kama kwamba ziliota zenyewe shambani.

Nimalizie habari ya kasha.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka uliofuata Baba akachukua likizo, ya kwanza maishani mwake kuitumia kusafiri kwa jambo lisilo maziko. Alichagua santuri moja, Shida, akaifunga kwa khanga ya Mama mara tatu, akapanda basi la Namanga. Kasha zima lingekuwa zito, na aliogopa watu wa mpakani. Alisema atampelekea hiyo moja kwanza, kama ushahidi kwamba amana iko salama. Alifika Morogoro siku ya tatu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliuliza kwa wazee wa Reli mpaka akampata.

Mjomba alikuwa amezeeka ghafla, alituambia Baba. Aliifungua ile khanga taratibu, akaishika santuri kwa kingo. Akaipuliza. Akaisoma karatasi ya katikati, pale palipoandikwa imetengenezwa Kenya. Hakuwa na gramafoni, na jirani zake hawakuwa nayo. Wakakaa kibarazani, wazee wawili, santuri iko magotini, wakauimba wimbo kwa mdomo, Mjomba akipiga solo kwa ulimi. Asubuhi Mjomba akaifunga tena kwenye khanga akamrudishia. Akasema, "Irudishe Nairobi. Ndiko ilikozaliwa, na ndiko ina pa kuchezea."

Njiani kurudi, mahali fulani kati ya Morogoro na Namanga, kuna kitu kilipenya mikunjo yote mitatu ya khanga. Baba alipoipiga nyumbani, iliruka. Aliinyanyua sindano, akaiweka tena, ikaruka pale pale. Sikuwahi kumwona amekasirika kuhusu jambo hilo. Miaka yote iliyobaki ya uhai wake, kila ikifika hapo, alikuwa akiinua kidole kimoja juu, kabla kidogo tu haijaruka.

Ninayo hapa, kwenye khanga ile ile. Mwenyekiti, naomba kijana wa mitambo aje mbele. Mwanangu, ishike kwa kingo. Ipulize kidogo. Sasa shusha sindano, polepole, pale nje kabisa.